Soksi Niliyoishona Mwenyewe

Vijana wangu, wiki iliyopita mjukuu wangu Anitha alisimama uani ameinua simu, akanitangazia kwamba upepo wa leo ni wa wastani na unatoka mashariki. Wakati anatangaza, upepo huohuo ulikuwa umeshaing'oa kanga yangu kwenye kamba na kuitupa juu ya paa la jirani. Nikamwambia aiulize simu yake ni nani atakayepanda kuishusha. Akacheka, nami nikacheka, halafu akapanda.

Msidhani nataka kuwasema kwa ajili ya simu zenu. Mimi sikuwa na simu, nilikuwa na soksi, na hiyo soksi niliiamini kuliko macho yangu mawili. Kwa hiyo anayewaandikia hapa ni mwenzenu katika ujinga, tofauti ni kwamba wangu ulivunja ndege.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mtunza kiwanja cha ndege. Najua mkisikia kiwanja cha ndege mnaona vioo na ngazi zinazotembea zenyewe. Chetu kilikuwa njia ya changarawe juu ya kilima, upande wa Bukiriro, yenye mawe yaliyopakwa chokaa pembeni, kibanda cha bati chenye redio, na mlingoti. Juu ya mlingoti kulikuwa na mfuko mrefu wa kitambaa, wazi mbele na nyuma, ambao upepo ukiingia unauvimbisha na kuuelekeza unakokwenda. Huo ndio tulioita soksi. Rubani akiwa angani anaitazama soksi anajua upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Ikinyooka kwa ubavu wa njia, anajua atasukumwa pembeni akitua, anajiandaa. Ikining'inia, anashuka roho yake imetulia.

Chini yetu bonde lilikuwa limejaa hema na vibanda vya turubai mpaka jicho linapoishia. Mnaoishi huko sasa mnalima mihogo juu ya mahali ambapo watu walipanga foleni ya maji kutwa. Malori ya chakula yalikuja kwa barabara ya Lusahunga, lakini dawa na chanjo, vitu visivyoweza kusubiri lori lililopasuka tairi, vililetwa na ndege ndogo za shirika moja, zile za feni moja mbele. Ndizo tulizozipokea.

Kazi yangu hasa ilikuwa kufyeka nyasi, kufukia mashimo ya mhanga, kupaka mawe chokaa na kufukuza mifugo. Kulikuwa na beberu mmoja mweusi, mali ya familia iliyokaa chini ya kilima, aliyependa kulala katikati ya njia kwa sababu changarawe ilikuwa na joto. Nilipewa filimbi ya kumfukuzia. Siku ya kwanza alishtuka, ya pili akageuza shingo, ya tatu nilipuliza mpaka mashavu yakauma naye akaendelea kucheua. Nikavua kiatu. Huko juu ndege ilikuwa inazunguka mara ya tatu, na redio ikasema kwa sauti ya upole sana, "Mama, mwombe mheshimiwa anipishe, mafuta yangu hayana cheo kama chake."

Huyo aliyekuwa akiongea ni Kapteni Salimu, kijana wa Tanga. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, na kila alipokaribia kutua alianza na salamu. Sheria za redio haziruhusu salamu, kila neno lina kazi yake, lakini yeye alilelewa hivyo. "Shikamoo, Mama." Nami nasogea dirishani mwa kibanda na kupaza sauti, "Marahaba, Kapteni!" Mwendesha redio wetu, Evarist, anakunja uso. Evarist alikuwa mtoto wa watu waliokuja zamani kutoka Burundi wakajenga na kulima Ngara, mtu msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni na ulimi uliopenda kugeuza l kuwa r, aliyeamini kwamba redio ingeharibika ikisikia maneno ya nyumbani.

Kabla sijafika kwenye ajali, lazima niwaambie habari za Mzee Kagoma, maana yeye ndiye aliyenifundisha, nami ndimi niliyemwaibisha. Alikuwa mkuu wangu wa kazi. Ujana wake alichunga ng'ombe kwenye vilima hivihivi, kisha akafanya kazi za barabara, kisha wakamkabidhi kiwanja kwa kuwa hakuna aliyekijua kilima kile kama yeye. Hakujua kusoma. Evarist alikuwa akimsomea barua, naye Mzee alikuwa akimsomea Evarist mawingu, kwa hiyo walikuwa sawa.

Wiki yangu ya kwanza alinikuta nimesimama nimekodolea macho soksi. Akaniuliza ninatazama nini. Nikamwambia ninatazama upepo.

"Huo ni upepo ulioko kwenye mlingoti," akasema. "Je, ndege inatua kwenye mlingoti?"

Akanishika bega akanigeuza. Akanionyesha moshi wa kambini kule bondeni, majiko maelfu, akasema moshi huo unakuambia habari za bonde tu, usiutegemee kwa kilima. Akanionyesha nyasi za mwisho wa njia. Halafu akanionyesha upande wa mashariki, mahali ambapo vilima viwili vinaachana na kuacha pengo, na chini ya pengo shamba la migomba. Kiangazi, akasema, upepo unatoka upande wa Biharamulo, unabanwa kwenye pengo lile, unatokea kwa vishindo na kuikata njia yetu katikati. Yeye aliuita upepo wa Nyamigogo. Mwanzoni nilidhani ni jina la kitaalamu. Baadaye nikajua kwamba shemeji zake walikuwa wakitoka Nyamigogo, nao walikuja wengi, kwa nguvu, bila taarifa.

"Unauonaje kabla haujafika?" nikamwuliza.

"Migomba. Ukikaribia, majani yanageuka, yanakuonyesha tumbo lake jeupe. Ukiona tumbo, sali Salamu Maria mbili, usiharakishe. Ukisema amina ya pili, upepo umeshafika njiani. Ukipita, unakuachia utulivu wa tendo zima la rozari, Salamu Maria kumi. Hapo ndipo ndege ishuke."

Nilicheka. Nilimaliza darasa la saba, nikajifunza na cherehani, na mimi huyu nihesabu upepo kwa rozari? Lakini nilijaribu siku tatu mfululizo, na siku tatu zote amina ya pili ilikuta vumbi limeshanyanyuka. Kapteni Salimu aliposikia alifurahi sana, akasema, "Mama, mimi Salamu Maria siijui. Siku nikiihitaji utanihesabia wewe."

Basi, soksi. Soksi ya kwanza ilikuwa ya kitambaa chepesi cha kutoka ng'ambo, rangi ya chungwa. Jua na upepo wa kiangazi viliila mpaka mkia ukabaki nyuzi. Niliitia kiraka, kiraka kikachanika. Nikatia kiraka juu ya kiraka. Shirika likaagiza mpya kutoka Mwanza. Tukasubiri wiki, tukasubiri mwezi. Kila lori likipita Evarist anauliza, hakuna.

Nyumbani nilikuwa na cherehani. Ndiyo niliyoitegemea tangu mume wangu alipofariki akaniachia watoto watatu, kabla sijapata kazi ya kiwanja. Nilishona kanzu za kwaya ya parokia nzima, na mpaka leo zipo, watu wanazikwa nazo. Nikajiambia, Devota, mwanamke anayeweza kushona kola ya padri atashindwa na mfuko wenye matundu mawili? Nikaomba hema moja lililochakaa, nikakata turubai lake, na kwa kuwa soksi ya kwanza ilichanika, hii nikaishona ya tabaka mbili. Pindo nikalipiga mishono mitatu. Katikati nikaizungushia mkanda mwekundu uliobaki kwenye kanzu za kwaya. Nilitaka idumu. Sisi tuliokulia huku, kitu kizuri ni kile ambacho mtoto wako atakirithi. Hatukuzoea vitu vinavyotakiwa kuwa vyepesi.

Tulipoipandisha, watu walikuja kuitazama. Evarist aliivuta kwa mikono miwili haikuchanika, akasema, "Hii itatuzika sote, Mama Devota." Hata muuguzi wa kambini alipita kunipongeza. Mzee Kagoma peke yake aliizunguka kimya, akaipima uzito kwa kiganja, akasema, "Nzuri. Inafaa kubebea maharage."

Nilikasirika. Nawaambieni ukweli, nilikasirika hadi nikampa chai bila sukari. Siku chache baadaye mguu wake ukavimba, akaenda kulala kwake Bukiriro wiki tatu, na kilima kikabaki mikononi mwangu, mimi na soksi yangu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, kwenye saa tano asubuhi, jua kali. Kapteni Salimu alikuwa analeta chanjo ya surua kwa watoto wa kambini, na muuguzi mmoja wa makamo kutoka Bukoba. Nilimsikia kwenye redio, "Shikamoo, Mama," nikajibu. Nikahakikisha beberu hayupo. Evarist akatoa kichwa dirishani.

"Mama Devota, Kapteni anauriza upepo."

Nikatazama juu. Soksi yangu ilikuwa imening'inia, mkanda wake mwekundu unang'aa, mkia unacheza kidogo tu. Nikatazama bondeni, moshi wa kambini unapanda moja kwa moja. Kisha, na hapa nisikilizeni vizuri, jicho langu likapita upande wa pengo, nami nikaona migomba. Majani yalikuwa yamegeuka. Shamba zima lilikuwa jeupe.

Niliona. Sikuambiwa na mtu wala sikuota. Niliona kisha nikarudisha macho kwenye soksi, ikawa bado imening'inia, nikajiambia ile ni soksi niliyoishona kwa mikono yangu, ya tabaka mbili, haiwezi kukosea. Na chini ya hayo kulikuwa na jambo jingine dogo la aibu: nikisema upepo ni mkali na soksi imelala, nitakuwa nimekubali kwamba Mzee alisema kweli juu ya maharage.

"Mwambie umetulia," nikasema.

"Umeturia," Evarist akasema kwenye redio.

Ndege ikaja vizuri, chini, imenyooka, kama zilivyokuja nyingine nyingi. Ilipofika kimo cha paa la nyumba juu ya mawe ya kwanza, kishindo kikatoka pengoni. Bawa la upande wa mashariki likanyanyuka. Kapteni akalirudisha, nikaona kabisa anavyopigana nalo, kikaja kishindo cha pili kabla hajamaliza cha kwanza. Gurudumu moja likagonga mawe ya chokaa niliyoyapaka wiki ileile, likakatika. Ndege ikazunguka, ikaburuta bawa, ikatoka njiani na kuingiza pua kwenye shamba la maharage. Feni ikalima mistari miwili mitatu, ikasimama.

Nikatazama mlingoti. Soksi yangu ilikuwa imejinyanyua nusu. Halafu ikarudi kulala.

Nilikimbia nikipiga kelele, "Mawe! Mawe!" kama tunavyomwita mama kwa Kihangaza tukifikwa na jambo, mtu mzima mwenye watoto watatu. Mlango ulikuwa umekwama. Evarist alikuja na nondo, tukaubandua. Wa kwanza kutoka alikuwa yule muuguzi, mwanamke mkubwa wa mwili, amekumbatia sanduku la chanjo kifuani, mguu mmoja peku. "Nani ana kiatu changu?" akauliza. Akakaa juu ya maharage ya watu, akafungua sanduku, akazihesabu chupa zote, na alipomaliza kuzihesabu ndipo akaanza kulia.

Kapteni alitoka akiushikilia mkono wake wa kushoto, umepinda mahali usipopinda. Damu ilikuwa imemshuka kwenye nyusi. Akanitazama.

"Mama," akasema, "uliniambia umetulia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza kitu alichokisahau, na mpaka leo nikiumwa malaria sauti hiyo ndiyo inayonijia. Naye akageuka akawaambia watu waliokusanyika, "Ni mimi. Nilichelewa kuishika." Wakampeleka hospitali kwa gari.

Wiki ileile soksi mpya ikafika. Mnajua ilikuwa wapi? Lusahunga. Dereva aliteremsha kifurushi kwenye kibanda cha chapati ale kwanza, akakisahau, na mama mchoma chapati akakuta ni laini, akakifanya mto wa kukalia. Amekikalia mwezi mzima mpaka mteja mmoja msomi akasoma maandishi ubavuni. Evarist akaipandisha saa hiyohiyo. Ilikuwa nyepesi, ilicheza hata nzi akipita. Ile yangu akaikunja, akanikabidhi akitazama pembeni.

"Ipereke nyumbani," akasema. "Nasikia anakuja mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Akija atakuta soksi nzuri. Hakuna atakayekuuriza."

"Na Kapteni?"

"Kapteni ana erimu yake. Wewe una watoto watatu."

Nikaipeleka nyumbani. Nilikuwa nimevuna, magunia yote yamejaa, nikafunga mkia wake kwa kamba nikatia maharage. Yaliingia vizuri. Mzee alikuwa amepima sawasawa.

Mkaguzi alikuja baada ya wiki mbili. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani na viatu vyeusi ambavyo kilima chetu kilivifanya vyekundu kabla ya saa nne. Aliipima njia kwa hatua, akapiga picha mawe, akaandika. Shirika likamleta na Kapteni Salimu, mkono umefungwa shingoni. Wafanyakazi wote tulisimama mbele ya kibanda. Kapteni alimpa mkono Evarist, akanitazama, akainamisha kichwa kidogo, basi. Shikamoo haikutoka. Ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Mkaguzi akanyoosha kalamu juu. Soksi mpya ilikuwa inarukaruka.

"Kitu kiko hai namna hii, Kapteni, wewe hukukiona?"

Kapteni akaitazama, akakunja uso. Aliona si ile aliyoizoea, lakini nadhani hakutaka kututupia lawama sisi.

"Siku ile ilikuwa imelala," akajibu.

"Marubani wote huniambia ilikuwa imelala." Mkaguzi akaandika. "Upepo wa ubavu, rubani hakuzingatia kielekezi cha upepo. Ni hivyo?"

Nilijua maana ya sentensi ile. Evarist alishanieleza: rubani akiandikwa hivyo, nani atampa ndege tena? Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, na angerudi Tanga kufanya nini, na mkono ule? Upande wa pili walikuwapo wanangu, Anjela, Bosko na Konsesa, na sare zao zilizotokana na kazi ile ya kufukuza beberu. Nilikuwa naogopa. Msiwaamini wazee wanaowaambia kwamba walisimamia haki bila kuogopa.

"Naomba ruhusa kidogo," nikasema. "Niende nyumbani mara moja."

Mkaguzi akavua miwani. Nadhani alifikiri nimebanwa na haja. Evarist, aliyejua, alinikanyaga kidole kwa kiatu chake kizima. Nikakitoa kidole changu, nikaondoka mbio.

Nyumbani niliufungua mkia, nikamwaga maharage kwenye beseni, nusu yakaenda sakafuni, kuku wakasherehekea. Nilipokuwa napanda kilima na ile soksi begani, nikakutana na Mzee Kagoma anajikokota kwa fimbo, mguu bado mzito, naye amesikia mkaguzi amekuja. Akaniona mimi, akaiona soksi, akaona maharage yanadondoka nyuma yangu njia nzima.

"Si nilikuambia?" akasema. "Inafaa kubebea maharage."

Nililia pale pale na kucheka pale pale. Nikamwambia yote, hata ya migomba. Akasema, "Twende. Nishike mkono, mguu huu hauendi wenyewe."

Mbele ya mkaguzi nilisema hivi: hii ndiyo soksi iliyokuwa juu siku ile, nimeishona mimi kwa turubai la hema, ya tabaka mbili, Kapteni anasema kweli. Mkaguzi akaichukua, mkono ukashuka kwa uzito. Akaamuru ipandishwe chini ya ile mpya. Tukapandisha, tukasimama tunatazama. Upepo ulikuwa umekata, zote mbili zimening'inia. Mkaguzi akatazama saa yake.

Nikageuka upande wa pengo. Migomba ikanionyesha tumbo.

"Sasa," nikasema, nikaanza kusali kwa sauti, maana sikuwa na njia nyingine ya kumwonyesha. Evarist akafumba macho. Mzee Kagoma akaitikia. Kwenye amina ya pili kishindo kikafika, kikachukua karatasi za mkaguzi, soksi mpya ikasimama kama mkono unaonyesha njia, na yangu ikajitikisa, ikadondosha maharage mawili, ikabaki imelala. Moja liligonga bega la mkaguzi.

Hapo ningeweza kuishia. Kosa lingekuwa la turubai, na turubai halina watoto wa kusomesha. Lakini mkaguzi, akiwa bado anakimbiza karatasi, aliuliza, "Kwa hiyo wewe unaujua upepo kwa migomba?"

"Najua."

"Na siku ile?"

Nikamtazama Kapteni, sikumtazama mkaguzi. "Siku ile niliiona imegeuka. Nikaiamini soksi kwa sababu ni yangu. Nisamehe, Kapteni."

Kapteni alikuwa anatazama viatu vyake. Mkaguzi akakaa juu ya jiwe la chokaa, akachafua suruali, akaandika muda mrefu sana.

Kapteni alibakiwa na leseni yake. Mimi nilisimamishwa kazi. Miezi tisa nilirudi kwenye cherehani, nikashona sare za watoto wa wengine huku nikijiuliza nitawashonea wangu mpaka lini. Aliyewekwa mahali pangu alikuwa kijana hodari mwenye cheti, lakini beberu alimshinda. Wakati huo mguu wa Mzee Kagoma ulikuwa umekataa kabisa kupanda kilima. Aliwatumia shirika barua, aliyoiandika Evarist kwa kalamu zote tatu, akisema kwamba yeye anastaafu, na kwamba mtu pekee anayejua kilima kile ni yule aliyewahi kukosea juu yake na kukiri. Wakaniita.

Siku yangu ya tatu tangu nirudi, kiangazi kingine kinaanza, Evarist akatoa kichwa dirishani. Safari hii hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono akanipa kipaza sauti chenyewe, kitu ambacho hakuwahi kumgusisha mtu.

"Ni yeye," akasema. "Ndio mara yake ya kwanza kurudi huku."

Nikakishika kwa mikono miwili. Redio ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Kapteni. Marahaba, mwanangu."

"Soksi naiona mwenyewe," akasema. "Nataka kujua migomba inasemaje."

Nikatazama soksi, ilikuwa imelala kabisa. Nikatazama pengo.

"Imegeuka. Usishuke."

"Sawa, Mama. Nihesabie."

Nikasali kwenye redio ya shirika, bila haraka, Salamu Maria ya kwanza na ya pili, kilima kizima kinasikia, yeye anazunguka juu ya vichwa vyetu. Kwenye amina vumbi likanyanyuka, likaikata njia, likaenda. Nyasi zikatulia. Nikatazama migomba mara ya pili, na mara ya tatu, ikawa ya kijani.

"Njoo sasa," nikamwambia.

Akaja.